Napus Ameshinda, Shemeji Akafika

Lodwar, Jumamosi, Agosti 2013. Jua la kawaida, yaani kali. Upepo ulianza asubuhi na haujaomba ruhusa ya mtu tangu hapo.

Shajara, leo nimeshinda. Naandika hilo kwanza kabla ya mengine, maana hayo mengine yalikaribia kuufuta ushindi wenyewe. Mshindi halisi amefungwa hapo nje kwenye nguzo ya jikoni, anatafuna utepe wake mwekundu. Sijamkataza. Ni wake.

Huyo ni Napus, mbuzi wangu wa maziwa. Ana rangi ya majivu, na jina lake kwa Kiturkana linasema hivyo hivyo. Mimi ni fundi wa nguo, na kwaya fulani niliyoishonea sare ilinilipa kwa mwanambuzi aliyekonda. Nikamlea. Sasa ana kiwele kinachomfanya atembee kama mke wa chifu.

Maziwa yake ndiyo yanayomweka hai mama yangu. Mama tunaishi naye hapa Nawoitorong, na tumbo lake lilishakataa kila kitu cha pakiti. Akinywa maziwa ya unga, nyumba nzima haipumziki. Akinywa ya Napus, anaamka mapema na kuanza kunikosoa, hapo najua yuko mzima. Kwa hiyo ukiona nimetokwa jasho leo kwa ajili ya mbuzi mmoja, sababu ndiyo hiyo.

Sasa kwa nini nilimpeleka kwenye maonyesho ya kilimo?

Maringo. Tukubaliane hivyo tusonge mbele.

Uwanja ulikuwa umejaa mahema. Tangu tuwe kaunti, kila kitu kina hotuba, hata nyanya. Kulikuwa na trekta jipya linalong'aa, na wazee wamelizunguka wakiinama kuchungulia chini, nadhani wakitafuta kiwele. Samaki wakavu walikuwa wametoka Lowarengak, na hema lao halikuhitaji kibao. Mkubwa mmoja alihutubia kwa Kiingereza kuhusu umuhimu wa kumfikia mwananchi. Mwananchi alikuwa amelala chini ya lori, kwenye kivuli.

Nyandeng alikuwepo pia. Ni rafiki yangu wa Sudan Kusini anayeishi kambini Kakuma, huniletea vitenge nami humshonea. Kikundi chao kilikuja na bamia na mchicha walioupanda kwenye magunia na kuunywesha maji ya kuoshea vyombo. Alipopata nafasi akaja kwenye zizi la mashindano kunitafuta. Akamwangalia Napus, akawaangalia mbuzi wengine, kisha akaniangalia mimi.

"Dada, huyu ndiye ile yako nzuri kabisa?"

Nikasema ndiye, kidevu juu.

"Kwetu ng'ombe mzuri tunaficha," akasema.

Hapo ndipo nilipoangalia vizuri. Jirani yangu Mama Ekal ana mbuzi nyumbani ambaye angemwaibisha Napus mchana kweupe. Alikuwa amemwacha, akaleta mmoja mwenye sikio lililochanika. Mwanamume mmoja alileta mbuzi anayechechemea. Mwingine, nina hakika, alileta mbuzi wa jirani. Zizi zima lilikuwa la mbuzi wa pili, wa tatu na wa ilimradi tu. Mbuzi bora wa mtu alikuwa mmoja.

Wangu.

Kila mtu hapa anajua, nami nilijua tangu nikinyonya. Kitu chako kikisifiwa mbele ya watu, mlango wa kukiomba umefunguka. Ndugu, rafiki, shemeji, yeyote mwenye haki ya kusema "nipe" atasema, na wewe mwenye heshima zako huna pa kukimbilia. Kutoa sababu hakusaidii. Sababu ni njia ndefu ya kusema hapana, na jina la mchoyo hufika Kakuma kabla ya gari. Ila mimi nilijidanganya kwamba maonyesho ni mambo ya serikali, na mambo ya serikali yana sheria zake. Ukikaa sana mjini ukisikiliza cherehani, unafikiria hivyo.

Nilitaka kumtoa. Nikachelewa. Afisa wa mifugo, kijana makini na mpole, alikuwa ameshampata. Akamkagua meno, akamshika kiwele, akatabasamu. Sijawahi kumwomba Mungu mbuzi ampige mtu teke, lakini leo niliomba. Napus akasimama wima kama mwanafunzi anayesubiri zawadi.

Kipaza sauti kikatangaza jina langu na la mbuzi mpaka ng'ambo ya mto. Mama Ekal alinipa mkono kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekuja matangani.

Na shemeji Lokol akatokea.

Lokol ni mdogo wa mume wangu, anachunga kule Lopur. Simwandiki kwa ubaya, ni mtu mzuri na hana haraka. Alikuwa amekuja kuona trekta. Akaweka chini ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho mwanamume wa kwetu hatembei bila hicho, mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Akaketi mbele ya Napus. Watu wakaanza kusogea, maana mwanamume akiketi mbele ya mbuzi wa mtu, kila mmoja anajua kinachofuata.

Akasifu pembe. Akasifu kiwele. Akasifu hata miguu ya nyuma, ambayo kusema ukweli ni ya kawaida. Kisha akasema Napus anafanana sana na mbuzi wake aliyekufa wakati wa ukame, na hapo nikajua tumefika.

"Shemeji, hii mbuzi imenipenda. Nipe niende nayo Lopur."

Mama Ekal aliacha kutafuna tumbaku. Mimi nikamfikiria mama yangu kesho asubuhi, ameamka na hana lolote la kunikosoa. Mume wangu yuko safarini na lori, na hata angekuwepo, angeangalia pembeni kama wanaume wote siku ya kuombwa.

"Chukua, shemeji," nikasema.

Nyandeng alijishika kichwa.

"Na mimi kuna kitu nimekipenda," nikaendelea, sauti ikiwa imetulia kuliko mwenyewe. "Nipe hiyo ekicholong uliyokalia."

Sikumwomba ngamia. Ngamia angeniahidi palepale, na ngamia wa ahadi hafiki Lodwar. Ekicholong ilikuwa hapohapo chini yake, imechongwa na marehemu baba yake, imelainika kwa miaka ya shingo na mafuta. Angeitoa, angerudi Lopur na mbuzi, lakini angeketi mchangani na watoto. Na ukishampenda mbuzi wa mtu namna hiyo, huwezi kumkataza mwenyewe kupenda kitu chako.

Mzee mmoja akasema polepole, kama anayeongea na upepo, kwamba shemeji naye ameombwa.

Nikiri hapa, ambapo mama hasomi. Niliogopa. Lokol angesimama tu na kunipa, mchezo ungekuwa umekwisha, ningerudi nyumbani na kigoda. Nilikuwa nimeyaweka maziwa ya mama yangu juu ya makalio ya shemeji, nikawa nangoja nione kama yatainuka.

Hayakuinuka.

Lokol alimwangalia Napus upya. Safari hii alianzia kwato akapanda kwenye pembe, taratibu, kama mtu anayerudisha vitu mahali alipovitoa.

"Shemeji," akasema mwishowe, "kumbe nikiangalia vizuri, hii mbuzi ni ya kawaida tu."

"Ya kawaida sana," nikakubali. "Na hiyo ekicholong naona ina ufa."

"Ufa mkubwa," akasema Lokol, akaipapasa mahali ambapo hapakuwa na ufa wowote.

Watu wakacheka mpaka wageni waheshimiwa wakageuka. Hakuna aliyemnyima mwenzake. Yule afisa kijana akaja mbio kuuliza kama kuna malalamiko juu ya matokeo. Nikamwambia hakuna, ni wananchi tu wameyapitia upya.

Jioni Lokol amekuja kunywa chai, na ilikuwa lazima aje, la sivyo watu wangesema tumekosana. Ameketi juu ya ekicholong yake hapo uani. Nimempikia chai ya maziwa bila tone la maji. Mama, ambaye alishasimuliwa yote na Mama Ekal kabla mimi na Napus hatujafika nyumbani, alimwacha anywe kwanza, kisha akamuuliza ameionaje.

"Ya kawaida," akasema Lokol, akanyoosha kikombe aongezwe.

Amekinyoosha tena baadaye. Mama naye amesema sukari imezidi, na kwamba fundo nililomfungia Napus ni la mtu asiyejua mbuzi. Yuko mzima.

Sasa najiuliza kuhusu mwakani. Wenye busara wangefanya kama Mama Ekal, wakapeleka sikio lililochanika na kurudi nyumbani na amani. Mimi nitampeleka Napus tena, najijua. Ila kabla kipaza sauti hakijafunguliwa, nitauzunguka uwanja mzima nione nani amekuja, na amekalia nini.