Picha Nzito

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Sijawahi kumwambia mtu: natamani kuonekana. Mimi ninayekimbilia jikoni wageni wakija! Leo tumepigwa picha, mimi na Bernadina, na jiko letu linalotumia maganda ya mbegu za pamba. Nililichora mimi, udongo tulikanda wote. Mwalimu Athanas anasema mashindano ya uvumbuzi ya shule yapo kwenye Intaneti, na watakaoonekana pichani ndio watakaoalikwa Dar. Dar! Tena na Bernadina — mtu pekee anayenisubiri nimalize sentensi.

Alhamisi, 9 Septemba

Baada ya masomo tulikwenda mtaa wa Kambarage, dukani kwa Mzee Narendra. Mwanawe, kaka Ankit, ana kompyuta na skana. Akaiingiza picha yetu. Ikakataa! Mashindano hayapokei picha inayozidi kilobaiti hamsini.

"Picha yenu nzito," akasema. "Lazima ipunguzwe."

Bernadina akacheka: ni uzito wa jiko.

Zamu ya kuteka maji ilikuwa yangu. Nikamwachia yeye amalizie.

Ijumaa, 10 Septemba

Mwalimu amebandika darasani nakala ya picha iliyochapwa dukani. Bernadina peke yake! Mimi sipo. Vimebaki vidole vyangu vitatu, vimeshika bomba la moshi.

Wavulana wakapiga kelele: "Jamani, jiko limeota vidole!"

Nilimvuta Bernadina pembeni.

"Si tuliambiwa ipunguzwe?" akasema. "Nikapunguza."

Akaongeza: "Usinune, shoga. Dar ungefanya nini? Hata pichani unatazama chini."

Kupunguza. Nyumbani neno hilo tunalijua. Kiwanda cha pamba kilipopunguza watu, Baba alirudi mchana, koti la kazi mkononi.

Lakini labda hakukuwa na njia nyingine. Labda kompyuta ndivyo ilivyo. Nataka iwe hivyo.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimekwenda dukani peke yangu. Nilisimama kwenye rafu ya madaftari mpaka wateja wakaisha, ndipo nikauliza.

Kaka Ankit alishangaa. Kupunguza si kukata, akasema. Anashusha ubora kidogo, picha inakuwa nyepesi, watu wote wanabaki. "Nilimwambia mwenzako hivyo. Akasema hapana, kata hapa." Akaonyesha kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Hapa — begani kwangu.

Kwa hiyo alichagua.

Picha ya Bernadina ilikuwa bado haijatumwa. Tangu juzi laini ya simu ya Mwanza, inayopitisha Intaneti, haishiki. Nikamwomba kaka Ankit aichukue ile nzima, aipunguze anavyojua yeye. Akanipa kiti. Kilobaiti arobaini na nane! Nyuso zimefifia, macho yangu hayaonekani vizuri, lakini nipo.

"Sasa nitume ipi?"

Kabla sijajibu, Bernadina akaingia. "Shikamoo kaka Ankit! Ile yangu imeshakwenda?"

Ile *yangu*.

Kisha akaniona. Akaona na kompyuta.

"Tuma hii," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia.

Kaka Ankit akapiga Mwanza. Safari hii ikaita. Bernadina akanishika bega: "Shoga, hebu inuka kwanza tuongee nje."

Sikuinuka.