Akiba ya Kutua

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako ya kuvuta bado naisikia, kwa hiyo nahesabu nimeshajibiwa.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu Auckland, huku ulikokuita mwisho wa dunia, na nina habari ambayo ungeibishia mpaka sauti ikukauke. Mama yuko kwenye ndege. Mkeo huyo huyo, aliyekuwa akimbembeleza dereva wa basi asimame Chalinze ili akanyage ardhi kidogo, amepanda Dar es Salaam, akabadilisha ndege Doha, na sasa yuko hewani kwa saa kumi na sita bila kutua popote. Anakuja kumwona mjukuu. Kwenye simu yangu kuna kindege cha manjano juu ya bahari tupu, na mimi nakitazama kila baada ya dakika moja.

Wiki nzima alikuwa akinipigia na swali moja: "Kwani wakisimama mahali wakajaza mafuta, na sisi tukanyoosha miguu, watapungukiwa nini?" Ungekuwepo ungemjibu wewe, maana kazi yako ilikuwa kuzijazia ndege mafuta pale uwanja wa Dar. Mimi nilimjibu kwa dumu la Fukayosi.

Unalikumbuka? Nilikuwa darasa la tano. Shangazi alikuwa mgonjwa kwake Fukayosi, hataki maji mengine yoyote ila ya kisima chetu cha Zinga, nawe ukajaza dumu la lita tano. Gari lilituacha njia panda, tukatembea juani. Tulipumzika, tukanywa. Tukaenda, tukapumzika tena, tukanywa tena. Ukaanza kucheka peke yako. "Umeona, mwanangu? Tunayanywa haya kwa sababu tumeyabeba. Ndege nazo ni hivyo hivyo. Mafuta mengine yanaungua kwa kazi ya kuyabeba yale mengine. Ndiyo maana zile za safari ndefu sana wakati mwingine huacha viti vitupu, uzito wa watu unaachiwa tangi."

Karibu na kwa Shangazi nikaomba tena. Ukakataa katakata. "Hayo hayanywewi. Hayo ni ya kufikia." Ukanieleza kwamba rubani hapangi kutua na tangi kavu, lazima abaki na akiba, huenda akakuta mawingu au njia ya kutulia ina ndege nyingine. Nilinuna mpaka mlangoni. Kisha nikamwona Shangazi akinywa kikombe chake kwa mikono miwili, nikaona aibu.

Mama alisikiliza yote hayo kwenye simu, akasema, "Baba yako alikuwa na maneno." Kesho yake akakubali kukata tiketi.

Nakumbuka pia nazi. Siku ya kuniaga ulichukua nazi iliyofuliwa, ukatia alama mbili kwa mkaa, moja Doha, moja kwangu, ukavuta uzi katikati yake. Uzi ukakatiza kusini ya Australia, mahali ambapo kwenye ramani ya ukutani ungeonekana kama unazunguka bure. "Hii ndiyo njia ya mkato," ukasema, ukijisifu kama umeivumbua wewe. Mama akakupokonya nazi akaikuna. Tulikula New Zealand yote kwa wali na samaki.

Lakini Baba, kuna jambo sijakuambia. Niliposafiri kuja kukuzika, nilipanda ndege ya njia hii hii. Ulipokuwa ukiteremshwa kaburini, baada ya adhuhuri, mimi nilikuwa juu ya maji haya haya, nimefungwa mkanda, sina pa kushukia. Nilifika Zinga siku ya tatu, watu wanakunja majamvi. Niliichukia ile ndege, nikajichukia na mimi. Najua maiti hasubirishwi, na wewe mwenyewe usingetaka tukusubirishe. Hata hivyo liliniuma, na bado linauma. Naomba radhi yako, nimechelewa kuiomba kama nilivyochelewa kufika. Ndiyo maana leo siwezi kukaa kitako. Nataka mmoja wetu aivuke bahari hii na kumkuta yule aliyemfuata.

Kindege kimeingia nchi kavu. Naiacha barua hapa, nambeba mtoto, nakwenda uwanjani.

Nimerudi, Baba. Ndege ilitua salama. Abiria walitoka, wakaisha, Mama hayupo. Kumbe wakaguzi wa mazao ya kigeni wamemzuia kwa ajili ya nazi nne alizofunga kwenye kanga, akihofia kwamba huku kwetu nazi zitakuwa za dukani. Zimechukuliwa zote. Alitoka akiwa anawasema kwa Kiswahili, na wao wanatabasamu.

Miguu ilikuwa imevimba, macho mekundu. Nilimsogezea kiti cha magurudumu, akakiangalia kama nimemtukana.

"Mama, kaa basi. Umechoka."

"Nimechoka sana," akasema, akavua viatu palepale akakanyaga sakafu. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kwa mtoto. "Lakini nimebakisha nguvu za kumbebea huyu. Lete."

Nikampa. Tulimwita Shomari, jina lako. Mama akambeba mpaka kwenye gari, hakumpa mtu.

Pumzika, Baba. Wamekutana.

Ni mimi binti yako, mama yake Shomari mdogo.