Kufuli la namba tatu

Jumapili, Masanze. Joto la kukaba, upepo hakuna.

Pampu yangu ya kumwagilia iliibwa usiku wa kuamkia jana. Kabla ya saa sita mchana, mzee Mloka alikuwa amepoteza jicho.

Pampu nitanunua nyingine, kama nilivyoinunua ile, kwa vitunguu vyangu. Jicho haliuzwi Kilosa mjini wala Mikumi.

Jana asubuhi tulikuta kufuli la stoo limefunguliwa, halijavunjwa. Namba zake tunazijua watatu: mimi, mdogo wangu Hamisi, na mzee Mloka anayeendesha pampu. Watu wakajaa. Jirani mmoja akacheka: "Vigurudumu vitatu, kila kimoja namba kumi. Si thelathini tu hizo? Hata bibi yangu angefungua!"

"Unazidisha, bwege wewe!" Hamisi akamjibu. "Kumi mara kumi mara kumi. Elfu moja! Nani atajaribu elfu moja gizani? Aliyefungua anaijua."

Hesabu hiyo nilimfundisha mimi. Ni sahihi.

Kisha akamgeukia mzee. Asubuhi ileile alikuwa amemwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Sasa akamtandika mpini wa jembe usoni. Wengine wakaingia na mateke, kisha mawe. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nilijilaza juu ya mzee ndipo wakaacha. Mgongo wangu umevimba, naandika nimesimama.

Leo nimeitazama tena picha ya vitunguu niliyompigia mteja Ijumaa jioni. Nyuma ya magunia unaonekana mlango wa stoo. Nikaikuza. Kufuli limefungwa, linasoma 4-7-9.

Namba yetu ilikuwa 4-7-2.

Hamisi ndiye aliyefunga siku hiyo. Ni uvivu wa shambani: mikono ina tope, unasogeza kigurudumu cha mwisho tu ili asubuhi ufungue haraka. Lakini viwili vikibaki mahali pake, elfu moja inakufa. Zinabaki kumi. Mpita njia yeyote akichezea kile cha mwisho, anaingia.

Mzee yuko wodini, amefungwa pingu kitandani kama mwizi. Kesho saa tatu asubuhi natoa maelezo polisi, na picha nakwenda nayo.

Hamisi, najua unasoma ukurasa wangu huu. Usinipigie ukilia, usimtume mama. Nijibu kabla ya saa tatu, ndiyo au hapana: ulipoinua ule mpini, ulikuwa unakumbuka kwamba ulizungusha kimoja tu?