Ukurasa wa Babu Rehani

Makole, Dodoma
14 Agosti 2004

Mdogo wangu mpenzi Arafa,

Asalaam aleikum. Natumaini goti lako limepoa, na wajukuu hapo Kondoa wote wazima. Mimi kaka yako nipo, namshukuru Mungu. Kifua kinabana, na daktari ameacha kuniambia nirudi lini, lakini wiki hii nimecheka kuliko mwaka mzima uliopita.

Uliniagiza nitafute kwenye mtandao habari za babu yetu Rehani, ili kwenye ndoa ya mjukuu wako Anifa uwasomee wakwe jinsi alivyoongoza misafara kutoka pwani. Basi mwanangu Munir akanipeleka Majengo, pale palipokuwa na duka la ushirika. Siku hizi wanakodisha kompyuta. Mwenye duka, binti mcheshi aitwaye Antonia, alinipa shikamoo, kisha akaniuliza iwapo mwalimu mstaafu kama mimi nimekuja kusoma au kusahihisha.

Aliandika jina la babu, kurasa zikajipanga. Akasema vijana hufungua ya kwanza na kuiamini kwa kuwa ni ya kwanza. Nikamwambia hata kwenye foleni ya sukari, haikuwa lazima wa kwanza awe mwaminifu. Tukaifungua. Ilimetameta kama gauni la bibi harusi, wala haikuwa na jina la mwandishi, nikaikataa. Ya pili mwandishi hakusema amejuaje, nikaikataa pia. Ya tatu ilikuwa na heshima zake: maandishi meusi, jina, anwani, tarehe. Ilimtaja Rehani, kiongozi wa msafara wa watu mia tatu. Nikatangaza kwamba hiyo naiamini.

Antonia akasema tusubiri kwanza, tuone huyu naye kaambiwa na nani. Akashuka hadi chini kabisa ya ukurasa. Palikuwa na chanzo kimoja tu: jarida la shule, 1968, makala ya Mwalimu Rahimu wa Dodoma.

Arafa, nilicheka mpaka Munir akakimbilia maji.

Makala ile niliitunga mimi mwenyewe, kisha nikairudia miaka yote hii hadi nikakaribia kuiamini. Walimu wenzangu walijivunia mababu watemi, nami nikaona haya kuwa na babu mpishi. Ndiyo, mpishi. Babu hakuongoza msafara, aliupikia. Nimekuacha usimulie uongo wangu kwenye harusi tano, nami nimekaa mbele nikiitikia kwa kichwa. Nisamehe, mdogo wangu. Sitaki kwenda nao kaburini, wala sitaki usimame nao tena mbele ya wakwe.

Nimeshawaandikia wenye ukurasa kwamba ndimi Rahimu na kwamba nilidanganya. Wamejibu kwa adabu kuwa yeyote anaweza kujiita Rahimu, na kwamba Mwalimu Rahimu mwenyewe ni chanzo cha kuaminika. Wanataka ushahidi.

Ushahidi uko jikoni kwako. Ile sufuria ya shaba ya pilau, usiyoruhusu mtu aiguse, igeuze uisugue chini kwa mchanga na ndimu. Utotoni, kabla masizi hayajashikana, nilisoma herufi za Kiarabu alizochonga babu ili isipotelee kwenye shughuli za watu: Rehani mpishi. Siku ya ndoa wapakulie wakwe kwanza, washibe, halafu uwaonyeshe. Kwa mkono wako huo wa mapishi, nani atauliza tena umetoka ukoo gani?

Munir na mkewe wanakusalimu sana. Mbusu Anifa kwa niaba yangu, na ukoko uniwekee.

Ni mimi kaka yako, mjukuu wa mpishi,
Rahimu