Mume Wangu Anachora Unyevu Ukutani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mambo yangu nikiyasimulia vipande vipande hata mimi yananichekesha, lakini nikiyaunganisha napoteza usingizi.

Mimi ni mshona nguo, nashona zaidi sare za shule, na mume wangu ni fundi rangi. Tuna binti mmoja, yuko darasa la tatu. Mwaka jana mume wangu alipata kazi kwenye mradi wa nyumba nje ya mji, nyumba nzuri za vigae, zimepangwa mistari kama madawati ya darasani, lakini wanunuzi hawakuja kama kampuni ilivyotarajia, kazi ikasimama, na siku moja akarudi ameshika ufunguo akasema kampuni imeshindwa kumlipa kwa hiyo imempa nyumba. Mshauri, nilipiga vigelegele mpaka mwenye nyumba wetu akatoka kuuliza kuna nini. Tukahamia, na siku hiyohiyo nikampigia mama yangu nikamwambia sasa na sisi tuna kwetu.

Basi masharti yakaanza. Pazia za mbele nisitundike, eti vumbi la ujenzi litaziharibu. Mlango wa mbele tusiutumie, eti kitasa bado kipya. Nguo nianike ndani. Binti akiulizwa shuleni anakaa wapi aseme karibu na stendi. Umeme utaunganishwa, maji tunachota kwenye simtanki lililoachwa na mafundi, na kila nikiuliza hati ya nyumba iko wapi jibu ni hilohilo, inashughulikiwa. Mimi nikajua hapa kuna mwanamke. Nikajiambia nyumba hii kuna mtu wake, mimi nimehifadhiwa tu ndani yake kama mzigo stoo mpaka mwenyewe afike.

Halafu majirani. Nyumba nyingi za mradi ni tupu lakini mstari wetu una watu, na watu wale hawana salamu za kawaida, nikitoka nje sauti zinashuka na milango inafungwa polepole kama vile mimi ndiye mwizi. Mama mmoja wa nyumba ya mkabala, namwita Mama Kofia kwa sababu havui kofia yake ya sufu hata jua liwe la kuchoma vipi, akiniona tu anashika ufagio na kufagia mahali alipokwisha kufagia, huku anasema, "Tunatunza, dada, tunatunza sana." Mara ananiletea mayai. Mara ananiita bosi. Nikaona huyu ana lake, mtu hakupi mayai bure, na siku nilipomwona mume wangu anatoka uani kwake anajipangusa mikono nikasema nimempata mwanamke wangu, ingawa kwa umri angeweza kuwa mama mkwe wangu.

Wiki iliyopita, asubuhi, mume wangu alijifungia chumbani akasema anarekebisha dirisha. Mimi nilikuwa sebuleni kwenye cherehani. Nikasikia ufunguo unazunguka kwenye mlango wa mbele, ule tusioutumia, na akaingia dada wa mauzo wa kampuni, viatu vya kisigino, nyuma yake bwana na bibi wenye heshima zao waliokuja kuangalia nyumba. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akachomoka chumbani anatabasamu.

"Karibuni, karibuni! Msimjali huyu, ni mfanya usafi. Anasubiri sakafu ikauke. Na hivi vyombo ni vya mafundi, vitaondolewa."

Mfanya usafi, mshauri. Na mimi, sijui nini kilinipata, nikasimama nikaokota tambara.

Dada wa mauzo akacheka, "Fundi wangu huyu, kila nikija namkuta kazini." Fundi wake! Kisha akaviona viatu vya shule vya binti yangu karibu na mlango, akanitazama mimi, akavitazama tena, akanyamaza. Kwa nini alinyamaza? Mtu asiyejua kitu angeuliza.

Yule bibi mnunuzi akaingia chumbani, tukamsikia, "Mh! Mbona unyevu umepanda hivi?" Mume wangu akatikisa kichwa kwa huzuni kama yuko msibani, akasema, "Nyumba nzuri sana, mama, sitaki kukuharibia. Lakini maji ya chini ya ardhi hayana adabu." Wakatazamana, wakaondoka.

Nikaingia chumbani. Kulikuwa na doa pana la rangi ya kahawia, limepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, kingo zake zimefifia vizuri kabisa. Ukuta huo nimeamka nao mweupe. Nikagusa, kidole kikarudi na rangi mbichi. Nyuma ya mlango kulikuwa na kopo na sponji.

"Umechora?" nikamuuliza.

"Punguza sauti."

"Nakuuliza, umechora?"

"Sasa ulitaka tulale wapi?"

Ndipo akasema. Pesa zake ni kweli hawajamlipa, lakini kampuni haikumpa nyumba yoyote. Iliacha funguo kwake za kumalizia kazi ndogondogo, na dada wa mauzo humpigia simu aje kufungua madirisha nyumba ipate hewa kabla wateja hawajafika, basi akishajua nyumba gani inaangaliwa anaiwahi, hii anaichora unyevu, ile anaichora ufa. Akaniambia, "Tukikaa muda mrefu itakuwa yetu." Nikamuuliza nani kamwambia. "Watu wanasema." Nikamuuliza na mimi kwa nini niwe mfanya usafi. Akanijibu, "Ulitaka niseme nini?" akaenda kunawa mikono.

Nilivuka barabara nikiwa na hasira zangu zote mpaka kwa Mama Kofia nikamuuliza mume wangu anatafuta nini kwake. Mshauri, yule mama alipiga magoti. "Usinifukuze, dada, nina wajukuu." Nikamwambia inuka mama, nikufukuze mimi kama nani? Akasema, "Si wewe ndiye jicho la kampuni? Fundi ndiye aliyetuingiza sisi sote mstari huu, akatuonya tukae kwa adabu, akasema mke wake ndiye anayepeleka taarifa ofisini." Kumbe yale mayai yalikuwa ya woga. Kumbe na wao kwa wao hawaaminiani, kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba yeye alinunua.

Nilipomweleza kuwa mimi ni mshona nguo tu, na nimeingia kwa ufunguo uleule, hakufurahi. Alinitazama kama ninamtega.

Sasa mama yangu. Nilivyojisifu nina nyumba, naye ameamua kuja kukaa nasi. Ameshaaga majirani zake, kilichobaki ni kumrudishia mwenye nyumba chumba chake mwisho wa mwezi. Nilipomwambia mume wangu tumzuie akasema tena kwa furaha, "Mwache aje, nimeshamchagulia ya kwake, ile yenye baraza." Je, huyu mume ana uhusiano na yule dada wa mauzo? Je, niende kampuni nikaseme, halafu wajukuu wa Mama Kofia walale wapi? Na mama nimwambie nini? Nakupa namba yangu lakini usipige jioni, yeye huwa nyumbani.

Ni mimi, mshona sare.

MSHAURI ANAJIBU

Mshona sare, sikukucheka. Nilicheka kidogo pale kwenye kingo zilizofifia vizuri, kwa sababu hata katikati ya hasira ulimsifia mumeo ufundi wake, na hapo nikajua bado unampenda. Basi nitakuambia kama mtu anayempenda mume.

Umetumia karatasi nyingi kumtafuta mwanamke. Kwanza nyumba, halafu Mama Kofia na kofia yake, sasa dada wa mauzo. Huenda yule dada anajua, huenda aliona viatu vya mtoto akaingiwa na huruma, huenda ana faida yake. Sijui, na wewe hujui, na ukianza kumpeleleza utapoteza mwezi mzima huku mama yako anafunga mizigo. Liache.

Liangalie lililo mbele yako. Kwa wanunuzi mumeo amekufanya mfagiaji. Kwa majirani amekufanya askari. Kwako alikufanya mwenye nyumba. Mara tatu amekupa kazi bila kukuuliza, na zote tatu ni za kumkinga yeye. Hilo ndilo la kukaa naye chini. Usimuulize kuhusu wanawake, atakana na utabaki mikono mitupu. Muulize hivi: siku kampuni ikija na polisi, utasema mimi ni nani? Kisha nyamaza umngoje. Najua ni fundi asiyelipwa, na asiyelipwa ana haki ya kudai. Lakini anayedai anakwenda mlango wa mbele, na shahidi wake ni kazi aliyoifanya. Yeye anaiharibu kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, tena kwenye nyumba ya watu, na huo ni udanganyifu ambao hakimu hatauonea huruma. Na lile la kukaa muda mrefu nyumba ikawa yenu, mwambie akamuulize mwanasheria, asiwaulize hao "watu".

Nawe nikukaripie kidogo, dada yangu. Mtoto wa darasa la tatu unamfundisha kumdanganya mwalimu kuhusu mahali anapokaa? Ulikubali kwa sababu ulihisi kuna kasoro, ukaogopa kuichunguza. Kuanzia kesho binti huyo asifundishwe uongo mwingine.

Kampuni usiende kusema. Usiende peke yako, na usiende kwa hasira. Rudi kwa Mama Kofia, safari hii kwa utulivu, rudi na mayai ya kwako ukipenda, umwambie tena wewe ni nani mpaka akuamini. Waambie na wale wengine. Mstari mzima mnaogopana wakati mko kwenye mashua moja. Mkishajuana, nendeni pamoja kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ipo karibu kila mji na haihitaji mtu aliyevaa suti, mkaulize mnaweza kuomba nini: muda wa kuhama, au kupangishwa kwa maandishi nyumba ambazo hata hivyo zinaoza tupu. Wenye watoto na wajukuu wasikike wao kwanza. Wakati huohuo tafuta chumba. Kidogo, chenye mlango ambao utautokea bila kuchungulia. Cherehani yako ilikulisha kabla ya vigae na itakulisha baada yake. Mumeo akitaka kuja, aje bila kopo na sponji. Asipotaka, utakuwa umepata jibu ambalo dada wa mauzo asingekupa.

Mama yako usimngoje mwisho wa mwezi. Umpigie leo, ukimaliza kusoma hapa, kabla hajarudisha ule ufunguo wa chumba chake, maana hicho ndicho chumba pekee katika habari hii yote ambacho aliyemo yumo kwa haki. Usimwambie kuna ukarabati, usimwambie asogeze tarehe. Mwambie, mama, nyumba si yetu, usije. Kisha usikate simu. Atakasirika, atakuuliza amwambie nini majirani aliowaaga, labda atalia. Mwache amalize. Akishamaliza, kama ninavyowajua akina mama, atakuuliza kama umekula. Hapo, mwanangu, kama hujala sema hujala.