Boya Lisilocheza

Jumanne jioni

Kumbe nimekuwa nikilaumu waya bure! Wiki nzima boya langu la kutoa umeme kwa mawimbi ya ziwa halijawasha hata balbu. Leo nilipiga kasia hadi pale ili niling'oe, nikakuta wavuvi wamelifungia boti tatu.

"Mzee Ouma, boya lisipocheza hakuna stima!" nikamwambia mmoja wao.

"Tuliona linayumba sana, mwalimu," akajibu kwa upole. "Tukalisaidia kutulia."

Nilicheka hadi kasia likaniponyoka. Tulifungua kamba, upepo wa alasiri ukaja, balbu ikawaka kwenye kibanda cha Mama Atieno anayekaanga samaki ufuoni. Alipiga vigelegele!

Sasa Mzee Ouma anaingia ziwani kuvua omena, anaomba maji yatulie. Mimi naomba yachafuke. Kidogo tu, mzee wangu asilowe.