Bendera Iliyoleta Wagonjwa

Dada Nafula,

Joto la Doha linanikausha kama omena, lakini mimi mzima. Mzee mmoja Mwingereza, mgeni katika hoteli ninayolinda alitundika bendera dirishani, nyeupe yenye msalaba mwekundu. Mpishi wetu aliyeungua kidole alidhani kuna daktari, nikamsindikiza.

"Hii si zahanati!" mzee akafoka. "Ni bendera ya kwetu, Uingereza!"

"Kwani yenu si ile yenye buluu?" nikamuuliza.

"Ile tunatumia na majirani, Waskoti na Wawelisi. Hii ni yetu wenyewe."

Hata hivyo akamfunga mpishi plasta, polepole kama mama.

Jioni bosi akanituma niishushe. Mzee akanizuia mlangoni: "Ngoja kwanza, kuna mgonjwa mwingine anakuja anachechemea."

Nibusie watoto wote. Nimewakosa sana.

Kakako, Wekesa